Jumamosi za Geji

Nilifika Geji Ijumaa nimekasirika, na isije ikadhaniwa ni hasira za safari. Safari ilikuwa njema. Gari la ofisi ya hali ya hewa lilitoka Rongai likapanda polepole katikati ya mahindi yaliyofika magotini, hewa ilikuwa safi, na dereva alikuwa amenyamaza kama nilivyomwomba. Hasira zangu zilikuwa za kazi. Kwa miezi miwili nilikuwa nimekaa Nairobi nikitazama namba za mvua za mji huu mdogo, na namba hizo zilikuwa zikinidanganya mchana kweupe.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Machi 1994, mvua haijawahi kunyesha Geji siku ya Jumamosi. Hata tone. Mwaka wa El Nino, madaraja yaliposombwa na watu wakalala madarasani, mvua ya Geji ilinyesha Ijumaa, ikapumzika Jumamosi, halafu ikarudi Jumapili mara mbili. Mkubwa wangu, Bwana Muiruri, aliwahi kulipeleka jambo hilo kwenye kongamano, akaeleza kwa picha na mishale kwamba huenda chanzo ni vumbi la malori ya barabara ya Eldoret. Alipigiwa makofi. Mimi sikupiga. Naitwa Nyakio, nimezaliwa Kabazi kwa watu wa viazi na njegere, na ninajua vizuri kwamba mvua haijui siku za wiki.

Tungeendelea kupiga makofi hivyo hivyo, ila mwaka huu chombo cha kupimia mvua cha Geji kinatimiza miaka mia moja. Kamati moja ya nje, inayotunuku vituo vikongwe vya kupimia mvua, ilikuwa tayari kukiwekea bamba la shaba kwa sharti moja: rekodi iwe ya kila siku, mfululizo, bila pengo. Kituo chenye bamba hakiguswi. Kisichokuwa nalo kingefungwa Juni, na kazi yake ikachukuliwa na mashine inayojisomea yenyewe, ambayo ingewekwa Rongai. Sherehe ilipangwa Jumatano. Ripoti yangu ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Kichwani nilikuwa nimeshaiandika, na haikuwa nzuri.

Ukiingia unapokelewa na bango: KARIBU GEJI, MJI WA MVUA. Kuna Geji Primary, Geji Butchery, Geji Salon, na makanisa mawili yanayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara. Mwaka wa 1925 mzungu mmoja mwenye shamba la ngano alichimbia chombo cha kupimia mvua uani kwake, na mfanyakazi aliyetumwa kukisoma kila asubuhi alikuwa akiambiwa nenda kwa geji. Mzungu akaondoka, shamba likakatwakatwa, watu wakapata ekari zao, jina likabaki. Sasa mabasi ya shule hutoka hata Olenguruone kuja kukiona chombo hicho. Watoto hushuka wakikimbia, halafu husimama ghafla. Ni mkebe. Ni mkebe wa shaba unaokufika goti, una faneli juu na chupa ndani, umezungushiwa seng'enge na mawe yaliyopakwa chokaa. Mwalimu husema, "Hiki ndicho," na watoto hutazama nyuma ya mwalimu kuona kama kuna kingine.

Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na moja niliyekisoma chombo hicho kwenye karatasi maisha yangu yote ya kazi, nilitazama nyuma yake. Kisha nikacheka peke yangu, na hasira ikapungua robo.

Nilianzia kwenye agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa sababu niliona ubao nje ya mlango. Watu wa Geji hawapandi kwa kusikiliza redio. Hupanda ubao unaposema wapande. Kila asubuhi namba ya geji huletwa pale, mwenye duka, mama mmoja mchangamfu anayeitwa Wachuka, huiandika kwa chaki, na wiki ikifika milimita arobaini utaona foleni ya mbegu mpaka kwa kinyozi. Nilisoma ubao kutoka juu. Jumatatu kumi na mbili. Jumanne sifuri. Jumatano nne nukta sita. Namba zote zilikuwa za chaki. Mbele ya Jumamosi hapakuwa na namba, palikuwa na neno SABATO, na neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya mafuta.

"Hii ya Jumamosi ni nini?" nilimuuliza Wachuka.

"Si ni Sabato," alisema. "Mzee Kemboi hasomangi geji Jumamosi. Ni Msabato, tena mzee wa kanisa." Alinitazama kwa huruma kidogo. "Kwani huko Nairobi hamkujua? Hata watoto wa nursery wanajua."

Nilinunua soda nikaketi kwenye gunia la mbolea. Miaka thelathini na moja. Picha na mishale, vumbi la malori, makofi. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda gari akaja kununua soda hapa.

Boma la mzee Kemboi liko hatua mia moja kutoka kwenye geji. Nilimkuta uani akimlisha mbuzi mnene kwa mkono, mbuzi wa sherehe. Ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mrefu, koti juu ya sweta, na gumboots zilizooshwa. Kabla yake msomaji alikuwa baba yake, tangu enzi za mzungu. Yeye alianza 1987.

"Karibu, madam wa mvua," alisema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tumekungoja sana. Mama Jepleting, mgeni ndiye huyu."

Mkewe, Winrose, alitoka jikoni na birika. Jikoni kwao ni nyumba ndogo ya peke yake, ya mabati yaliyopigwa na moshi, nyuma ya nyumba kubwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yanayokupima kabla ya kukusalimia. Alinimiminia chai ya maziwa matupu, akasimama mlangoni kusikiliza.

Mzee alinitolea rejista zake, kila mwaka na yake, zimefungwa kwa karatasi ya kaki. Nilifungua ya 1994. Mwandiko ulikuwa safi kuliko wa mtu yeyote ofisini kwetu. Januari, Februari, kila siku namba. Machi mzee akabatizwa kuwa Msabato. Kuanzia hapo, kila Jumamosi palikuwa na kistari.

"Mzee, kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia," alisema bila kukwazika. "Hiyo ni kistari. Sifuri ni siku nimeangalia na hakuna kitu. Kistari ni siku sijaangalia. Baba yangu alinifunza hivyo."

Nilikunywa chai yangu haraka ikaniunguza. Ofisini kwetu, karatasi za vituo zinapoingizwa kwenye kompyuta, kistari huwa sifuri. Karani anagonga tu. Mmoja wa makarani hao, mwaka wa 2008, kijana mwenye haraka aliyejiona anajua kila kitu, ni mimi.

"Na mvua ya Jumamosi huenda wapi?"

"Inakaa ndani ya chupa. Jumapili saa tatu nasoma yote pamoja. Hakuna tone imepotea, madam. Hata moja."

Basi ikabidi nimweleze. Nilieleza polepole, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumwadhibu mwongo, na mwongo sikumwona. Kamati inataka kila siku, nikasema. Jumla ya wiki haiwatoshi. Jumamosi elfu moja na mia sita ni pengo, na mwenye pengo hapewi bamba.

"Na geji?"

"Itafungwa Juni."

Mzee alifunga rejista ya 1994. Winrose pale mlangoni hakusogea.

"Basi andika ukweli," Kemboi akasema. "Siku ya Sabato siwezi kusoma, na siwezi kukuambia nilisoma. Hii geji nimeipenda tangu nikiwa mtoto nikitembea nyuma ya baba. Lakini nilimwahidi Mungu." Kisha akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angenigombeza ningejua la kujibu. Lakini alinisindikiza mpaka uani, akamwangalia yule mbuzi, akasema, "Huyu tutamla tu. Yeye hana makosa."

Nilikuwa nilale Nakuru, lakini mvua ilianza saa kumi na barabara ikageuka tope, dereva akakataa, na mimi sikumlaumu. Winrose alinitandikia kitanda cha binti yao mkubwa, Jepleting, anayefanya kazi Eldoret. Jua lilipozama mzee alifunga rejista zote, akazipanga kabatini, na kuanzia hapo hakuna aliyetaja geji. Sabato ilikuwa imeingia. Nililala nikisikiliza mvua juu ya mabati na kuwaza namna ya kuandika ripoti inayosema ukweli bila kumuumiza mtu, na sikuipata.

Asubuhi Kemboi alitoka saa mbili, suti ya kahawia, Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani. Nilibaki kitandani nikijihurumia. Saa tatu kasoro kidogo nikasikia redio jikoni, sauti imepandishwa. Ilipopiga saa, mlango wa jikoni ukafunguka. Nikachungulia dirishani.

Winrose alikuwa amevaa gumboots na leso begani. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye geji, akafungua waya wa seng'enge, akainua faneli akaiweka juu ya jiwe, akatoa chupa. Alimimina maji kwenye glasi ya kupimia. Kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na maji, akakaa hivyo, hapumui. Akatoa biro nyuma ya sikio, akaandika kitu kiganjani. Halafu akafanya jambo ambalo katika miaka kumi na saba ya kazi hii sijawahi kuona mtu akilifanya. Aliyarudisha maji. Aliyamimina tena kwenye chupa, taratibu, akagongagonga glasi mpaka tone la mwisho likaanguka, akarudisha chupa, akarudisha faneli, akaifuta glasi kwa leso, akaitazama juani, akaifuta tena.

Nilipofika uani nimevaa ndala miguu tofauti, alikuwa anafunga waya. Hakushtuka.

"Kumi na saba nukta mbili," alisema. "Kuja jikoni."

Jikoni mlikuwa na moshi wa kutosha kumtoa mtu machozi hata kama hana sababu. Kwenye ukuta wa ndani, mbali na mlango, palikuwa na msumari mmoja mrefu, na kwenye msumari huo zimening'inia kalenda, moja juu ya nyingine, nene kuliko godoro la mtoto. Kalenda za agrovet, za duka la vifaa, za wanasiasa walioshinda na wengi zaidi walioanguka. Winrose alifunua ya juu, akaandika kilichokuwa kiganjani. Kwenye kila kisanduku cha Jumamosi palikuwa na namba. Nilifunua ya chini yake, na ya chini yake. Za mwisho zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, lakini namba zilisomeka. Machi 1994, Jumamosi ya kwanza: tisa nukta nane.

"Hiyo siku ya kwanza ilinyesha mpaka nikaona huruma," alisema, akivuta kiti cha miguu mitatu ili niketi. "Yeye yuko kanisani, na mimi najua roho yake iko hapa kwa geji. Mimi ni wa AIC, siku yangu ni Jumapili. Nikasema wacha nione tu ni ngapi. Niione tu. Wiki ile ingine nikaona tena. Sasa ningeachia wapi?"

"Na kwa nini unayarudisha?"

Alinishangaa. "Si ni yake. Jumapili anayataka yote."

Nilileta kompyuta. Nilichukua miaka mitatu ya kalenda zake, nikaondoa kila Jumamosi kutoka kwenye Jumapili inayoifuata, nikalinganisha na vituo vya jirani. Ilikaa. Zile Jumapili kubwa zilizotusumbua zikagawanyika mara mbili na kila kipande kikaenda mahali pake. Jumapili hazikuwa pungufu hata mara moja. Aliyekuwa akirudisha maji yale hakuwa amemwaga kitu. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

"Mama, umeokoa geji," nikamwambia. "Nikiandika hizi, hakuna pengo."

Winrose hakufurahi. Alichukua kiazi akaanza kumenya.

"Mzee anajua?" nikauliza.

"Hapa jikoni haingiangi tangu tuoane. Wanaume wa rika lake, wakiona sufuria wanapotea njia." Alitabasamu, halafu tabasamu likaisha. "Sikia, Nyakio. Yeye ni mzee wa kanisa. Amri inasema hata watu wa nyumba yako wasifanye kazi siku hiyo. Alinisomea akiwa ameketi pale nje, na mimi nikaitikia. Akijua, ataona kila Jumamosi akitoka na Biblia, mimi nyuma yake namgeuka. Tena kwa geji, kitu anapenda hivyo. Atasema ni nani huyu nimeishi naye?"

"Lakini akikosa bamba..."

"Najua. Si nilisikia jana nikiwa mlangoni." Kisu kilisimama. "Ukiandika, nyumba yangu itakuwa na neno. Usipoandika, kazi yake ya maisha inaisha Juni. Nimelala na hiyo usiku wote."

Mimi si mtu wa kutunza siri. Ofisini wananijua. Lakini nilimwambia pale pale kwamba kalenda ni zake, na bila ruhusa yake sitaandika hata tarehe. Nilisema hivyo nikijua ninajichimbia shimo, kwa sababu sasa ningelazimika kuandika kwamba kituo kina pengo wakati nimeliona pengo limezibwa kwa macho yangu. Siku nzima tulimenya, tukapika, tukakamua, na hakulirudia tena. Kila nilipomtazama nilimwona akihesabu kitu kimoyomoyo.

Kemboi alirudi saa tisa, akaniuliza kama nimekula vizuri, akanieleza mahubiri yalihusu nini. Kuhusu kazi, kimya. Jua lilipokaribia milima alisimama mlangoni amevua kofia. Lilipopotea aliomba kwa kifupi, Sabato ikaisha, akawasha taa na kuketi mezani.

"Sasa, madam," alisema. "Lete hiyo karatasi yako tuandike huo ukweli."

Nilikuwa bado nafungua begi wakati Winrose alipoingia na kalenda zote mikononi, amezibeba kifuani kama kuni. Alinuka moshi. Aliziweka mezani mbele ya mumewe.

"Baba Jepleting," alisema, "hizi ni Jumamosi zako."

Mzee alivaa miwani. Alifunua kalenda ya juu, akaitazama. Akafunua nyingine. Alifunua kama mtu anayesoma gazeti, ukurasa kwa ukurasa. Nilitamani dereva aje anichukue hata kwa tope.

"Ulikuwa unasoma saa ngapi?" hatimaye akauliza.

"Saa tatu."

"Kwa jua ama kwa redio?"

"Kwa redio."

"Jicho unaweka wapi?"

"Sawa na maji. Pale chini maji yamejipinda, si kwa kingo."

"Na asubuhi za umande?"

"Umande siandiki kama mvua."

Aliitikia kwa kichwa. Sikuweza kujua kama amekasirika. Alisimama, akaenda kabatini, akarudi na rejista ya 1994 na biro nyekundu. "Soma," akamwambia mkewe.

Winrose akasoma. Tisa nukta nane. Sifuri. Tatu nukta moja. Mzee aliandika kila namba kando ya kistari chake, kwa mwandiko ule ule safi, bila kukifuta kistari. Mimi nilitoa kila namba kwenye Jumapili yake na kuiingiza kwenye kompyuta. Mwanzoni sauti ya Winrose ilikuwa ya mtu aliye mbele ya hakimu, lakini mwaka wa tatu ilitulia, na kufikia El Nino walikuwa wanakumbushana: hii ndiyo wiki choo kilibebwa, hii ndiyo siku ng'ombe wa jirani alizalia sebuleni kwetu. Nilisahau kwamba nina ripoti. Niliwapenda, na nasema hivyo waziwazi, kwa sababu sipendi watu haraka.

Ugali ulikuwa mezani na hakuna aliyeugusa tulipofika Julai 2006. Winrose akarudia ukurasa mara mbili.

"Nini?" Kemboi akauliza.

"Hapa hakuna."

"Ngapi?"

"Tatu. Tarehe nane, kumi na tano, ishirini na mbili." Alinigeukia mimi, kama ni mimi nitakayemhukumu. "Nilikuwa hospitali Nakuru. Nilipasuliwa tumbo. Sikuwa hapa."

Nilipekua mbele haraka, 2007, 2008, mpaka mwisho. Kila Jumamosi nyingine ilikuwepo. Alikosa tatu tu katika miaka thelathini na moja, kwa sababu alikuwa amelazwa, na sharti lilisema bila pengo. Nilifikiria kumpigia Bwana Muiruri, nikakumbuka mishale yake, nikaacha.

"Tatu bado ni pengo," nikasema. Nilichukia sauti yangu.

Winrose alikunja kalenda. "Basi ni mimi nimeivunja," alisema kwa sauti ndogo. "Kungoja kote huku, halafu ni mimi."

Kemboi alisukuma kiti, akaenda nyuma ya mlango alipokuwa ametundika koti la suti, akarudi na kile kitabu chake cha nyimbo, kikuukuu, kilichoshonwa mgongo kwa uzi wa viatu. Alikifungua ukurasa wa mwisho kabisa, ule usio na wimbo, akakiweka mbele ya mkewe. Palikuwa na mistari mitatu ya penseli.

Winrose alikivuta karibu na taa. "Tarehe nane, sita nukta nne," alisoma. "Kumi na tano, mbili nukta tano. Ishirini na mbili, ishirini na moja..." Hakumaliza. Alitazama mwandiko ule safi, akamtazama mwenye mwandiko.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Kila Jumapili nilikuwa napata glasi imeng'aa," Kemboi alisema. "Mimi sijawahi kuifuta ikang'aa hivyo."

"Na ukanyamaza? Miaka hii yote?"

"Ningeuliza, ungesema ukweli. Na ukisema, ingenilazimu kukukataza." Alivua miwani akaipangusa kwa shati, ingawa haikuwa chafu. "Sikutaka kukukataza. Hiyo wiki ulilazwa, nikakaa pale kwa kitanda chako nikaona huulizi habari ya ng'ombe wala ya shamba. Unauliza tu, imenyesha? Nikajua unahesabu zako. Sasa ningeacha zikatike?"

"Kwa hivyo ile siku Pasta alikuja wodini akaniuliza kama mzee anaumwa, mbona anachelewa kanisani..."

"Ndiyo hiyo."

Winrose alifunika mdomo kwa leso. Mabega yalitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani yote mawili. Mimi niliinamia kompyuta na sikuona namba hata moja.

"Na watoto uliwaachia nani saa hiyo?" hatimaye akauliza.

"Tulienda wote. Jepleting alishika mwavuli." Mzee aliisukuma rejista mpaka mbele yake, akamwekea biro nyekundu mkononi. "Hizi tatu ni zangu, nitazijibu mwenyewe kanisani, na wakitaka waniondoe kwa uzee wa kanisa. Andika, ugali unapoa."

Winrose akaandika.